Kansa ya ini: dawa nzuri isiuawe na soko

Kansa ya ini inaua wengi kwa sababu mara nyingi inagunduliwa ikiwa imechelewa. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, munganga anaweza kuukata. Ukionekana wakati tumbo limekwisha kujaa maji, mara nyingi inabaki kazi ya kupunguza maumivu tu.

Ndiyo maana habari ya Feridex haifai kusahauliwa. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1996. Ilikuwa chembe za oksidi ya chuma, ndugu ya kutu, ndogo sana hata mamia yake yakipangwa hayazidi upana wa unywele mmoja. Chembe hizo zilivikwa dekstrani, aina ya sukari, ili zisishikamane ndani ya damu. Zikiisha kuingia mshipani, seli za ulinzi za ini zinazimeza. Kwenye picha ya IRM, mashine inayotumia sumaku, ini lenye afya linakuwa jeusi. Uvimbe wa kansa kwa kawaida hauna seli hizo za kutosha, basi unabaki mweupe, na munganga anauona.

Ilikuwa na kasoro: wagonjwa wengine waliumwa mgongo wakati wa kudungwa, na dawa za gadolini zilikuwa rahisi zaidi kutumia. Wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka 2008 ikaacha kutengenezwa. Mwenzake, Resovist, nayo ikaondoka kwenye soko la Ulaya. Lakini Japani, ambako kansa ya ini ilikuwa tatizo kubwa na wagonjwa walikuwa na bima ya kulipa, iliendelea kutumiwa.

Fundisho ni wazi. Dawa inaishi pale ugonjwa na mfuko wa pesa vinapokutana. Afrika ina ugonjwa: hepatiti B, pamoja na sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyowekwa vibaya, vinaleta kansa hii kila mwaka. Mfuko ndio haupo.

Kwa mgonjwa wa kijiji cha Kivu au Ituri, hata ekografi ni safari. Basi serikali ianze na chanjo ya hepatiti B kwa mtoto anapozaliwa, kisha ekografi ya kila miezi sita kwa walio hatarini. Halafu nchi za Afrika ziungane kununua mashine na dawa. Mtu akinunua peke yake, soko halimsikii.