Nani Anafaa Kumfundisha Mtoto Nyumbani?

Ndugu wafanya kazi,

Mara nyingi nasikia wenzangu tunaotengeneza njia ya reli wakisema, "Mimi sikusoma sana, siwezi kumfundisha mtoto nyumbani. Hiyo ni kazi ya mwalimu mwenye cheti." Maneno haya nayapinga, ingawa nami nilisoma shule ya misheni na kuishia darasa la nane.

Tusichanganye mambo mawili. Mwalimu wa shule sharti aandikishwe na Tume ya Huduma za Walimu. Ndivyo isemavyo sheria ya 2012, na ni haki, kwa maana anashika watoto wa watu wengi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni. Lakini baba akikaa na mwanawe jioni kumsikiliza akisoma, hakuna anayemdai cheti. Hata huko Uingereza, ambako sheria ya 1996 inamruhusu mzazi kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule, haimdai cheti.

Shule zilipofungwa Machi 2020, sote tulifanywa walimu bila kuulizwa. Redio ya KBC ilitoa masomo, lakini redio haijibu swali. Binti yangu alikuwa Gredi ya 3. Siku moja alinionyesha hesabu ya kugawanya, nikamwambia amekosa, nikamkaripia mpaka akalia. Usiku nikafungua kitabu chake, nikaona yeye ndiye aliyepata. Asubuhi nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyekosa." Tangu siku hiyo huniletea hesabu zake bila hofu, na tukishindwa sote wawili humwuliza jirani.

Basi sifa ninazoziona ni hizi: kujua kusoma, kuvumilia, na kutoona haya kusema sijui. Ya nne ni kuwapo nyumbani, na hii ndiyo inayotushinda. Baba anayeitwa kazini usiku bila kuarifiwa mapema atamfundisha nani? Akirudi mtoto yuko shule, akiondoka mtoto amelala.

Kwa hiyo naiomba kamati yetu mambo mawili. Kwanza, tudai orodha ya zamu ibandikwe wiki moja mbele. Pili, chumba chetu cha mkutano kifunguliwe Jumamosi jioni, wazazi waliosahau hesabu wakumbushwe na wale wanaojua. Cheti hatuna, lakini watoto ni wetu.

Mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia ya reli