Mti wa Yese una mafunzo kwa watoto

Desemba inapowadia nyumba nyingi jijini hupambwa kwa puto, taa na karatasi zinazometameta. Hayo yanapendeza, lakini mwanao akikuuliza yana maana gani, utamjibuje?

Ipo desturi ya Wakristo iitwayo Mti wa Yese. Yese ni babake Mfalme Daudi, na nabii Isaya alitabiri kwamba chipukizi lingetoka katika shina lake. Katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, kuna dirisha la vioo vya rangi la karne ya 12 lenye mti huo, manabii wakiwa wamesimama kando yake.

Nyumbani, familia husimamisha tawi kavu katika mkebe wa mchanga. Kila siku ya Majilio hutundika pambo moja na kusoma habari zake katika Biblia. Isaya hutambuliwa kwa kaa la moto lililogusa midomo yake. Eliya ana kunguru, waliomletea mkate na nyama alipojificha penye kijito cha Kerithi. Danieli ana simba, naye Yona samaki mkubwa. Mika, aliyeutaja Bethlehemu, hupewa mji mdogo.

Usikimbilie dukani. Kata boksi la viatu, wape watoto rangi na uzi. Anayechora kunguru atauliza ni vipi ndege alimlisha binadamu. Mjibu papo hapo, kwani pambo lisilo na hadithi, hata liwe ghali vipi, Januari ni takataka tu.