Ajali Ina Kinga

Ndege zikigongana uwanjani, sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna methali iliyo tayari mdomoni: ajali haina kinga. Wakubwa nao wana yao: "makosa ya kibinadamu." Kauli hizi mbili hufanya kazi moja, nayo ni kufunga mjadala kabla haujaanza. Mimi nazipinga zote mbili.

Abiria wengi huogopa ndege ikiwa angani. Hata hivyo, ajali iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya usafiri wa anga ilitokea ardhini. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 ya KLM ilianza kukimbia ili iruke ilhali Boeing 747 ya Pan Am ilikuwa bado inatembea kwenye barabara hiyo hiyo ya kurukia. Watu 583 walikufa.

Ni kweli kwamba rubani wa KLM aliondoka bila ruhusa. Lakini kwa nini ndege mbili kubwa zilikuwa kwenye barabara moja? Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa Las Palmas, ndege zikaelekezwa Tenerife, na uwanja huo mdogo ukafurika. Ndege zilizoegeshwa ziliziba viungio, yaani njia za pembeni za kufikia barabara ya kurukia. Ukungu ukashuka, na mnara wa kuongozea ndege haukuwa na rada ya kuonyesha kilichoko chini. Je, haya yote alikuwa ameyapanga rubani mmoja?

Tazama Linate, uwanja wa Milan, Italia, tarehe 8 Oktoba 2001. Ndege ndogo aina ya Cessna iliambiwa ipite kiungio R5, ikapita R6, ikaingia mbele ya ndege ya SAS iliyokuwa inaruka. Wakafa watu 118. Ukisoma hapo tu utasema rubani alipotea njia. Basi endelea kusoma. Rada ya zamani ya ardhini ilikuwa imeondolewa, na mpya haikuwa imeanza kufanya kazi. Vitambuzi vya kutoa tahadhari kitu kinapoingia barabarani vilikuwa vimezimwa. Rubani alipotaja alama ya S4 aliyoiona chini, mwongoza ndege hakuielewa, kwa sababu haikuwemo katika ramani zake. Mtu aliyepotea alisema yuko wapi, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Hilo ni kosa la binadamu, naam, lakini ni binadamu waliokaa ofisini miaka mingi kabla ya ukungu wa siku ile.

Wapo watakaonijibu kwamba hata matajiri hugongana. Wataitaja Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ambapo ndege ya Japan Airlines ilitua juu ya ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa inapeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi. Walinzi watano walikufa; watu wote 379 wa ndege kubwa walitoka salama. Haneda ilikuwa na skrini iliyoonyesha kwamba barabara ina ndege. Lakini skrini hiyo haikupiga kengele, na mwongoza ndege mwenye kazi nyingi hakuiona. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kifaa kiundwe kwa ajili ya mtu aliyechoka, maana ndiye atakayekitumia.

Tena si kila kinga ni ya mabilioni. Sisi tunaosoma lugha tuzingatie hili. Baada ya Tenerife, neno la Kiingereza la kuruka liliwekewa mipaka: halitamkwi redioni ila ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Baada ya Haneda, Japani ilisitisha kuwaambia marubani "wewe ni namba moja", kwa kuwa wale walinzi walidhani wameruhusiwa kuingia. Kubadili neno hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Rangi ya kuchora alama upya na ramani iliyo sahihi navyo si ghali.

Je, sisi hapa Uganda na majirani zetu? Vipo viwanja vidogo visivyo na uzio, ambako mbuzi na bodaboda hukatiza barabara ya kurukia. Siku ndege itakapomgonga mtu, tutaambiwa alikosea kupita pale. Nami nauliza leo, kabla ya msiba: nani alipaswa kujenga uzio, na fedha zake ziko wapi?

Wanahabari, mkiandikiwa "makosa ya kibinadamu", msiweke nukta hapo. Ulizeni majina ya vifaa vilivyokuwa vimezimwa, na tarehe vilipozimwa. Nasi wengine tuache kuwapa wazembe methali ya kujifichia.