Kiko cha Guka Kisiishie Jaani

Mpenzi msomaji, kabla hujageuza ukurasa kutafuta chemshabongo, nina ombi. Ukienda leo baada ya ibada kumwamkia babu yako, au mjomba yule mkubwa, mwombe akufungulie ile droo ya chini ambayo hufungwa kwa ufunguo. Humo, katikati ya betri zilizokufa, stakabadhi za kodi na picha ya harusi iliyotafunwa na mende, huenda ukakuta kiko cha tumbaku. Ukikikuta usikimbilie kukishika. Keti kwanza, umwulize kilikotoka.

Nayasema haya nikiwa mtu aliyekosea mara mbili.

Marehemu baba alikuwa karani katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Jioni, wachumaji wakishapimiwa madebe yao na kwenda, alikuwa akikaa nje juu ya kigoda na kushindilia tumbaku kwa kidole gumba. Kiko chake kilikuwa kimevishwa ngozi ya kahawia, na juu ya mrija kulikuwa na picha ndogo ya ndovu. Alipofariki, watoto wa ukoo walikigundua siku ya pili ya matanga wakakitumia kupuliza mapovu ya sabuni. Matanga yalipokwisha hakikuonekana tena, na mimi sikuuliza. Nilikuwa kijana, na kwangu kilikuwa kitu cha kunuka tu.

Miaka ikapita. Siku moja nikiwa Thika, nikitoka Makongeni kwenda kutafuta matatu, nilimwona mchuuzi ametandaza gunia lake chini: makomeo, vijiko vya bati, miwani isiyo na kioo. Pembeni palikuwa na kiko kilichovishwa ngozi, na ndovu yule yule. Mchuuzi alitaka shilingi 200, nikatoa 150. Nilipofika nyumbani nikakisugua kwa kitambaa, maandishi yakajitokeza: “Kiko”, na chini yake kwa Kiingereza, kwamba kimetengenezwa Tanganyika. Hivyo ndivyo mkusanyo wangu ulivyoanza, na leo nina viko 23.

Wengi hudhani kiko ni kitu cha Mzungu, kilichokuja na walowezi waliopanda kahawa na mkonge huku Thika tangu siku ambazo Hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa mwaka 1908. Ni kweli nusu. Viko vya aina ya Kiko vilitengenezwa Arusha na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, na jina lenyewe, kama unavyoona, ni Kiswahili safi. Jiwe lililotumika lilichimbwa katika bonde la Amboseli, mpakani mwetu na Tanzania. Huitwa mirishamu, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya povu la bahari, maanake ni jiwe jeupe, jepesi, lenye vitundu vidogo mno, na likikauka vizuri linaweza kuelea majini. Linalosifiwa zaidi duniani hutoka Eskişehir, nchini Uturuki. La Amboseli ni zito kidogo na si laini kama lile, kwa hiyo aghalabu lilitumika kama bitana ndani ya kichwa cha kiko cha mti, au likavishwa ngozi. Kazi yake ni kunyonya unyevu ili moshi utoke mkavu.

Sasa angalia mhuri. Ukisoma Tanganyika, umeshika kitu ambacho yamkini kilitengenezwa kabla ya mwisho wa 1964, mwaka ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana na jina jipya likazaliwa. Ukisoma Tanzania, ni cha baadaye. Neno moja tu lililopigwa kwenye mti linakupa umri wa kitu, bila mtaalamu wala ada. Mwanafunzi wa historia anayesoma ukurasa huu atanielewa. Viko hivyo hivyo leo vinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ilhali hapa kwetu vinauzwa pamoja na vyuma chakavu.

Viko vingi utakavyokutana navyo si vya jiwe bali vya mti, na mti huo huitwa Erica arborea. Wachongaji hutumia kile kifundo kikubwa kilicho baina ya shina na mizizi, kinachochimbwa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, kwani hakishiki moto upesi. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ulijipatia jina kwa kazi hiyo katika karne ya 19. Lililonishangaza mimi ni kwamba mti huo huo unamea kwetu, juu kabisa ya Nyandarua na Mlima Kenya, milima ambayo asubuhi ya anga safi unaiona ukiwa Thika. (Tafadhali usichukue jembe. Huko ni hifadhi ya taifa.)

Kwa mfuko mdogo kuna kiko cha gunzi. Huko Missouri, Marekani, kuna kampuni ambayo imekuwa ikitengeneza viko vya magunzi ya mahindi tangu 1869, na kwa mzaha ikajiita Missouri Meerschaum, yaani povu la bahari la Missouri! Ninacho kimoja. Mamangu alipokiona alicheka hadi akakaa chini, akauliza kama Wamarekani nao huwashia jiko kwa magunzi.

Na tusiwasahau wazee wetu wenyewe. Wengi wa huku Kiambu na Murang'a hawakujali sana kiko; wao walikuwa watu wa ugoro, uliosagwa na kutiwa magadi. Kwa hiyo karibu na viko vyangu nimeweka tabakero tatu, mbili za pembe na moja ya kibuyu. Mkusanyaji wa Thika asiyekuwa na tabakero ni kama mpishi wa irio asiyekuwa na mahindi. Ila pembe nayo ina mambo yake: ya ng'ombe haina neno, lakini ukiletewa kitu chenye ndovu ndani yake, hata kipete chembamba kwenye mrija, kikatae. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiulizi ulikinunua kwa nani.

Usafi si kazi ngumu. Kiko cha mti jaza kichwa kwa chumvi, dondoshea spiriti kidogo, kiache usiku kucha, asubuhi chumvi itakuwa ya kahawia na harufu imepungua. Cha jiwe usikifanyie hivyo kabisa. Kifute kwa kitambaa tu. Mrija mweusi wa mpira usiuweke dirishani, jua litaugeuza rangi ya kijani mbovu. Na usichomoe mrija kwa nguvu. Zungusha polepole, taratibu, kama unayefungua chupa ya dawa ya mtoto.

Najua mama wa nyumba anasoma haya na amekunja uso. Wangu pia alikunja. Aliniuliza, “Baba Njeri, unataka watoto wajifunze nini hapo kwenye kabati?” Swali hilo lilikuwa la haki, na zaidi kwa sababu Njeri mwenyewe, akiwa na miaka sita, alishakitia kimoja mdomoni akijifanya babu. Tulikubaliana hivi: viko vinakaa, tumbaku haiingii. Sijawahi kuwasha hata kimoja. Kuna wanaosema kiko si kama sigara, eti moshi hauvutwi ndani. Hao wasikudanganye. Kiko huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, na mimi nakumbuka kikohozi cha baba usiku vizuri kuliko ninavyokumbuka sauti yake. Watoto wangu nimewaeleza mambo yote mawili, uzuri wa kitu na ubaya wa kazi yake, na hapa Thika, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa na kiwanda cha kuchambua majani ya tumbaku, hilo ni somo lililo karibu na mlango.

Nilisema nilikosea mara mbili. La pili ndilo linaloniuma.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja huko Ruiru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa. Ujanani alikuwa mpishi wa mlowezi. Alinitolea kiko cha mti chenye kipete cha fedha, na chini ya kichwa palikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa kisu. Nilimpa shilingi 300 na kilo mbili za sukari. Akaniambia, “Keti, kamwana. Hicho hakikuwa cha bwana mkubwa. Wacha nikwambie kilivyonifikia.” Nikatazama saa. Giza lilikuwa linaingia na matatu za Thika zilikuwa zinapungua. Nikamjibu, “Guka, nitarudi Jumapili.”

Sikurudi Jumapili ile. Nilirudi baada ya miezi minane. Msomaji wa Ruiru anajua yaliyoyapata mashamba yale: kahawa imeng'olewa ekari kwa ekari, na tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, kilichokuwa shamba jana leo ni ploti na ghorofa. Nyumba za wafanyakazi nilizikuta zimebomolewa. Mwanamke aliyekuwa akiuza mboga kando ya ua wa mabati aliniambia kwamba Guka alizikwa mwezi wa nne, kwao, mbali, hakujua ni wapi.

Tangu siku hiyo natembea na daftari la kurasa 96. Kila kiko kina namba kwenye uzi, na daftarini naandika tarehe, bei, mahali, na maneno ya mwenyewe jinsi alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema. Mali bila daftari huisha bila habari, na ya kwangu karibu iishe hivyo. Kati ya viko 23, tisa ni mabubu; sijui hata kimoja kati yao kilikuwa cha nani. Vile 14 vingine vinasema. Kimoja kilikuwa cha mwalimu wa Gatundu aliyekivuta darasani hadi mkaguzi alipokuja. Kingine kilibadilishwa kwa mbuzi. Hadithi hizo zilinigharimu chai na mandazi tu, na muda wa kukosa matatu mbili.

Basi ukienda kwa babu leo, beba kalamu. Akikataa kukupa kiko, usimsumbue, ni chake. Omba habari zake tu, uandike, kiko kitakufuata kwa wakati wake.

Kile cha mpishi ni namba 7. Kimo kwenye kisanduku chake, kipete nimekisugua kinang'aa. Daftarini ukurasa wake una tarehe, shilingi 300, sukari kilo mbili, na zile herufi mbili, M na K. Zilizobaki ni mistari mitupu.