Kipusa Si Msichana Mrembo Tu

Siku hizi kijana akitaja kipusa, kila mtu hufahamu kwamba anamsema msichana mrembo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kipusa hasa ni pembe ya kifaru, bidhaa iliyopakiwa majahazini pamoja na pembe za ndovu. Nami sioni ajabu kwamba neno limehama hivyo. Kipusa kilikuwa kitu adimu cha kujivunia, na kujivunia huko ndiko ninakotaka tukutazame leo, maana kila tuzungumzapo juu ya ujangili hutaja bunduki, askari wa mbuga na mahakama, tukamsahau mnunuzi.

Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Wala haikuwa kwamba hapakuwa na sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na mwaka huo huo mkataba wa kimataifa wa CITES ukakataza biashara ya pembe hizo. Basi zilikuwa zikienda wapi?

Nyingi zilikwenda Yemen Kaskazini. Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa jambia ni nini, kwani amewaona mabwana arusi wakilivaa kiunoni. Lakini kwa Myemeni wa milimani jambia si pambo la siku moja. Ni alama ya uanaume wake na cheo cha ukoo wake, na thamani yake haimo sana katika chuma bali katika mpini. Mpini wa kipusa, kadiri unavyoshikwa miaka nenda miaka rudi, hulainika na kung'aa hata ukawa kama unapitisha mwanga. Zamani waliomudu mpini huo walikuwa wakubwa na matajiri. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na vijana wa Yemen wakamiminika Saudi Arabia kufanya kazi. Mtoto wa mkulima akarudi na fedha, naye akataka kile ambacho babake alikitazama tu viunoni mwa watu wengine. Huku kwetu vifaru wakalipa.

Aliyeifuata biashara hiyo soko kwa soko ni Bw Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika juu ya majahazi ya bahari yetu. Yeye na mwenzake, Bi Lucy Vigne, walikwenda Sanaa mara nyingi wakaketi na mafundi wa majambia. Mafundi wakahimizwa watumie pembe za nyati wa majini, na mapema miaka ya 1990 Mufti Mkuu wa Yemen akatoa fatwa kwamba kuua kifaru kwa ajili ya mpini ni kinyume cha matakwa ya Mwenyezi Mungu.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kana kwamba fatwa ndiyo iliyomaliza yote. Mimi sikubali. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, Yemen ilikataa kuungana na walioipinga kwa vita, na Wayemeni mamia ya maelfu wakalazimika kutoka Saudi Arabia. Walirudi kwao mifuko mitupu. Fatwa iliwakuta watu ambao hata bila fatwa wasingeweza kununua. Hata hivyo siidharau, kwa sababu ilimpa mtu njia ya kuvaa pembe ya nyati bila kuona haya.

Nasema haya kwa sababu ya Vietnam. Huko fedha ziliongezeka baada ya mwaka 2000, na kipusa kikawa zawadi ya kumpa mkubwa wa kazi, au unga wa kuchanganya na kinywaji kuondoa uchovu wa ulevi. Nchi hiyo ilimpoteza kifaru wake wa mwisho mwaka 2010. Afrika Kusini, iliyopoteza vifaru 13 kwa majangili mwaka 2007, ilipoteza 1,215 mwaka 2014. Mabango yamebandikwa kuwaeleza watu kwamba pembe ni kitu kimoja na kucha zao. Ni kweli, lakini tajiri anayempelekea mkubwa wake zawadi hanunui dawa. Ananunua heshima, na ughali ndio anaoutaka. Mwambie ni kucha, atakucheka.

Hapa nyumbani sheria ya mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha, na mwaka 2020 hakuna kifaru hata mmoja aliyeuawa na majangili nchini. Vifaru weusi wamepita 1,000, wakilindwa usiku na mchana kwa bunduki na kwa gharama kubwa.

Bw Martin aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwezi Februari 2018. Alikuwa amerejea karibuni kutoka Myanmar, na bado alikuwa akiyaandika aliyoyaona katika masoko ya huko.