Moyo wa Mpimaji



Msimu mmoja, mvua za kupandia zilipokwisha kushika, mama mmoja wa hapa Kitai alitujia na simu mkononi. Alikuwa akilipia mbolea kwa njia ya simu. Mtandao ulikuwa dhaifu, kama ujuavyo ulivyo kwetu mara kwa mara: kiduara kilizunguka, kikazunguka, wala jibu halikuja. Akabonyeza tena. Kumbe malipo ya kwanza yalikuwa yamekwisha pita, na ya pili yakapita juu yake. Fedha zile za pili ndizo alizokuwa ameweka kwa ajili ya vibarua wa kulimia. Alipouliza, aliambiwa asubiri. Alirudishiwa baada ya majuma matano. Wakati huo mahindi ya jirani zake yalikuwa yamefika magotini, na nusu ya shamba lake lilikuwa majani.

Tulipomwuliza kama alilalamika, alijibu kwa upole kuwa huenda kosa lilikuwa lake, kwa sababu ni yeye aliyebonyeza mara mbili. Jibu hilo limetukaa moyoni, na ndilo lililotusukuma kutafakari juma hili juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuijui, ijapokuwa kila siku tunaishi chini ya matunda yake: kazi ya kupima programu za kompyuta na za simu kabla hazijakabidhiwa watu.

Yafaa tueleze kwanza kazi yenyewe. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili mashine iyatimize. Aliyeyaandika ni mwanadamu, na mwanadamu hukosea. Kwa hiyo, mbali na waandishi, wapo watu ambao kazi yao ni kuitafutia programu kasoro kwa makusudi. Mmarekani Glenford Myers, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya sanaa hiyo, alifundisha kuwa anayepima ili kuthibitisha kwamba programu ni nzima atayaona yaliyo mazima tu. Apimaye sharti aanze na nia ya kukuta kosa. Naye Edsger Dijkstra wa Uholanzi alikuwa amekwisha kuonya kuwa upimaji waweza kuonyesha kuwa kasoro ipo, lakini hauwezi kamwe kuonyesha kuwa hakuna iliyobaki. Ndiyo kusema, ni kazi isiyo na mwisho ulio dhahiri. Mtu mwenyewe ndiye anayeamua lini ameridhika. Na hapo ndipo linapoingia neno wanalolipenda sana watu wa fani hiyo, yaani shauku. Sisi tunapendelea kuliita moyo.

Je, moyo una nafasi gani katika kazi ya kuhesabu na kukagua? Wapo wanaosema hauna. Wanasema leo programu nyingi hupimwa na programu nyingine, maelfu ya mara kwa usiku mmoja, bila kuchoka wala kupiga miayo. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini mashine hurudia kwa uaminifu swali lile tu iliyopewa. Swali la yule mama, yaani itakuwaje mtu akibonyeza mara mbili akiwa mahali ambapo mtandao unakatika huku mvua inanyesha, haliji lenyewe. Sharti liletwe na mtu aliyekwisha kumwona mama yule, kwa macho au kwa fikra.

Wenyeji wa Mbinga tunao mfano wa karibu. Kahawa yetu ya arabika, ambayo kwa miaka mingi ilisafirishwa hadi Moshi kuuzwa mnadani, haipewi daraja lake kwa macho peke yake. Huonjwa. Muonjaji hukaanga kiasi kidogo, hukisaga, humimina maji ya moto, husubiri dakika kadhaa, kisha huuvunja utando wa juu kwa kijiko akinusa, na hatimaye hufyonza kwa sauti na kutema. Utaratibu unaofuatwa na waonjaji wengi duniani hutaka vikombe vitano kwa kila sampuli. Kwa nini vitano, ikiwa kahawa ni ile ile? Kwa sababu buni moja tu iliyochacha yaweza kuangukia kikombe kimoja na kuviacha vinne vitamu. Muonjaji mvivu huonja kikombe cha kwanza, akakiona kizuri, akaandika. Muonjaji mwenye moyo hufika cha tano akiwa na umakini ule ule, ijapokuwa ni sampuli ya arobaini ya siku hiyo na chakula cha mchana kinamngoja.

Kwa hiyo moyo tunaousema si msisimko. Hauna makelele. Ni uangalifu unaodumu pale ambapo hakuna anayekutazama, na unaodumu kwa sababu mbele ya macho yako yupo mtu. Nyuma ya kikombe cha tano yuko mnunuzi, na nyuma ya sampuli yuko mkulima aliyepanda milima ya Umatengo na kikapu mgongoni. Vivyo hivyo mvuvi wa Lituhi au wa Liuli huitandaza nyavu yake kivulini mchana na kuipitia tundu kwa tundu, maana anajua kwamba mpasuko usioonekana nchi kavu utaonekana usiku ziwani, usipa wakitoroka mbele ya taa yake.

Jirani zetu wa Kenya walionja gharama ya kikombe kisichoonjwa. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013, miaka mitano tu baada ya machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,000, vifaa vya kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole vilikwama katika vituo vingi, vingine kwa sababu tu betri ziliisha. Mfumo wa kutuma matokeo nao ulilemewa. Kwenye ubao wa matokeo uliotazamwa na nchi nzima, kura zilizokataliwa zilionekana kupita 300,000. Baadaye Tume ya Uchaguzi ikaeleza kuwa kasoro ya programu ilikuwa ikiizidisha idadi hiyo mara 8. Ikabidi kurudi kwenye karatasi, na idadi iliyotangazwa mwishoni ilikuwa 108,975. Amani haikuvunjika kama mwaka 2007, na tunamshukuru Mungu. Lakini kwa siku kadhaa utulivu wa taifa zima ulining'inia juu ya hesabu ya kuzidisha ambayo ingeweza kugunduliwa mapema katika chumba chenye utulivu.

Lipo tukio jingine lililo zito zaidi, nalo ni la Uingereza. Kuanzia mwaka 1999, shirika la Post Office liliweka katika vituo vyake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliosimamiwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo huo ulipoonyesha kuwa fedha zimepungua, mwenye kituo ndiye aliyetakiwa kuzilipa. Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walipatikana na hatia za wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kwa ushahidi uliotokana na mfumo huo. Wapo waliofungwa, waliofilisika, waliokimbiwa na majirani. Ripoti ya uchunguzi ya Julai 2025 ilieleza kuwa huenda watu wasiopungua 13 walijiua. Mnamo Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kuwa mfumo ulikuwa na kasoro ambazo ziliweza kuharibu hesabu za vituo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile.

Miongoni mwa kasoro zilizothibitishwa, ipo moja iliyotufanya tumkumbuke mama yetu wa mbolea. Mwaka 2015, katika kijiji cha Dalmellington huko Uskoti, mwenye kituo aliingiza paundi 8,000. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, na tena. Kila alipobonyeza, mfumo ulihesabu fedha mpya, hata ukaonyesha kuwa paundi 24,000 zimepotea. Kidole ni kile kile cha mtu anayengojea jibu lisilokuja, awe Uskoti, awe Kitai.

Tutambue vema kilichokosekana hapo. Elimu haikukosekana, wala vifaa. Januari 2024 mkuu wa Fujitsu barani Ulaya, Paul Patterson, alikiri kwamba kuwako kwa kasoro kulijulikana ndani ya kampuni tangu mwanzo. Waliojua walikuwapo. Mmoja wao, Richard Roll, aliyefanya kazi huko kati ya mwaka 2001 na 2004, alijitokeza hadharani mwaka 2015 na baadaye akatoa ushahidi mahakamani. Hapo tunajifunza kuwa moyo wa mpimaji una sehemu mbili. Ya kwanza ni kuitafuta kasoro. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kukataa kunyamaza baada ya kuiona, hata kama wakubwa wana haraka, hata kama siku ya uzinduzi imetangazwa na mgeni rasmi amekwisha alikwa. Wengi wanayo ya kwanza. Ya pili ndiyo hupungua.

Lakini wapendwa, hatuna budi kusema na upande wa pili wa jambo hili, maana neno moyo laweza kutumiwa vibaya. Sisi tulio katika utumishi wa Kanisa twalijua hilo pengine kuliko wengine. Ni mara ngapi katekista ameambiwa kuwa kazi yake ni wito, pale alipouliza tu habari za posho yake? Ni mara ngapi mwalimu na muuguzi wamehimizwa wawe na moyo na watu waliopaswa kuwapa chaki na dawa? Tukiri kwamba hata sisi tumepata kusema hivyo, na tulikosea. Hali kadhalika, mwajiri anayempa kijana siku mbili kupima kazi ya majuma mawili, kisha kosa likitokea akasema kijana hana ari na kazi, anamdai mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe amemnyima. Moyo hauchukui nafasi ya muda, ujuzi na ujira wa haki. Tena moyo bila ujuzi waweza kuwa hatari: mwenye bidii asiyejua pa kutazama atachoka sana na kuiacha buni iliyochacha mahali pake.

Basi msimamo wetu ni huu. Mpimaji asidaiwe moyo kama kodi. Apewe muda, afundishwe kazi yake, alipwe, na zaidi ya yote asikilizwe anapoleta habari mbaya. Tukifanya hivyo, tutaona kuwa moyo wenyewe huja, kwa sababu mtu huipenda kazi inayoheshimiwa. Naye mpimaji, akiisha kupewa haki hizo, hana udhuru tena wa kuonja kikombe kimoja na kuandika kwa niaba ya vitano.

Tunao vijana kutoka vijiji vyetu wanaosomea kompyuta katika vyuo vya Songea, Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam. Wengi wao wanatamani kuwa waandishi wa programu, maana mwandishi husifiwa. Mpimaji huonekana kama mtu wa kuchelewesha. Tungependa kuwaambia vijana hao kwamba kuna heshima kubwa katika kazi ambayo matunda yake ni mambo yasiyotokea: malipo yasiyokatwa mara mbili, kilo za kahawa zisizopungua kati ya mizani ya ushirika na daftari, dawa ya mgonjwa mmoja isiyoandikwa kwa mwingine. Hakuna atakayekuja kukushukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Nanyi mliokulia hapa mnayo elimu isiyofundishwa chuoni: mnajua jinsi mtandao unavyokatika bondeni, jinsi bibi anavyosoma ujumbe kwa kumwomba mjukuu, jinsi simu moja inavyotumiwa na nyumba tatu. Ichukueni elimu hiyo mwende nayo kazini.

Nasi tunaotumia programu hizo tunalo la kufanya. Zinapokosea, tusiishie kusema ndivyo mtandao ulivyo. Tuutunze ujumbe wa malipo, tuandike siku, saa na kiasi, tupeleke malalamiko kwa wahusika na tuombe jibu la maandishi. Kasoro isiyoripotiwa hubaki ikimngojea jirani.

Kuhusu mama yule, tulimrudia juma lililopita. Tulimwambia waziwazi kuwa kosa halikuwa lake: mfumo unaopokea fedha za watu ndio uliopaswa kujua kwamba mtu aliye gizani hubonyeza mara mbili. Alitutazama kwa muda, kisha akauliza kama huko zinakotengenezwa programu hizo yuko anayejua kwamba Kitai ipo. Hatukuwa na jibu la kumpa. Tunawaachieni ninyi vijana mlipatie jibu swali lake.