Watoto wa Mama N'tilie: Mzazi, kisome kabla hujamrudishia mwanao

Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne huenda ameshakiona kitabu hiki kwenye begi la shule. Ni riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, iliyochapishwa mwaka 2002. Wengi hukiacha hapohapo, wakijua ni cha mtihani tu.

Hadithi yenyewe si ngeni kwa mtu wa Tandale au Mbagala. Mama anauza chakula ili nyumba iende. Baba, Lomolomo, ni mlevi. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Baada ya hapo ni jalala, mtaa na dawa za kulevya.

Kinachokatisha tamaa ni kwamba majanga yanafuatana haraka mno. Lomolomo tunamkuta mlevi na mlevi anabaki. Hatumjui vya kutosha kabla ya pombe. Yanayopita kichwani mwa Peter nayo tunayapata kwa juujuu. Mtoto wa miaka 15 ambaye baba yake naye analewa anaweza kufunga kitabu akiamini kwamba nyumba ya namna hiyo haina tena dawa.

Dawa ipo. Uraibu ni ugonjwa. Tangu mwaka 2011 Muhimbili inatoa methadone kwa walioathirika na heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala na Temeke. Kwa pombe, anayekunywa kila siku asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani, kwani anaweza kutetemeka sana au kupata degedege. Apelekwe hospitali, aache akiwa chini ya uangalizi.

Shule nayo imebadilika kidogo. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sare, daftari na nauli bado ni mzigo. Mlango aliotokea Peter haujafungwa wote.

Kwa hiyo mtoto akianza kuchelewa kurudi, kukosa usingizi, kujitenga, kuwa na hasira au kushuka darasani, mkanda usiwe jibu la kwanza. Huenda anabeba ugomvi wa usiku ambao wazazi wanadhani hakuusikia kwa sababu alijifunika shuka.

Hapo ndipo kitabu hiki, pamoja na upungufu wake, kinamfaa mzazi. Kumuuliza kijana "una nini?" mara nyingi huleta jibu moja: "Sina kitu." Muulize badala yake: "Peter angesaidiwa na nani, na lini?" Ni rahisi kwake kumsemea Peter kuliko kujisemea mwenyewe.

Akianza kujibu, usimkatize wala usijitetee. Ukisikia jambo zito, muone ofisa ustawi wa jamii wa eneo lako, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.